Nani kaukata mchanga njiani? Majibu kwa wasomaji kuhusu fukwe zinazoliwa

Barua zenu kuhusu bahari kula ufukwe zinafanana kwa jambo moja: karibu wote mnauliza mjenge nini. Sisi tunaanza na swali jingine, mchanga wa hapo kwenu ulikuwa unatoka wapi na nani kaukata njiani. Tumechagua barua nane.

Nina kiwanja Mbweni, Dar es Salaam. Jirani wa upande wa kusini alijenga ukuta wa zege mbele ya nyumba yake. Kwake pametulia, kwangu bahari imeingia na minazi miwili imelala. Fundi anasema nami nijenge ukuta kama ule. Nijenge? — Mwenye kiwanja, Mbweni

Ukijenga kama ule, barua ijayo itatoka kwa jirani yako wa kaskazini.

Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, mawimbi ya upande huo hayapigi ufukwe moja kwa moja, yanakuja kwa mshazari. Kila wimbi linapanda na chembe za mchanga na kuziacha mbele kidogo, kuelekea kaskazini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, hurudisha sehemu tu. Zamani kiwanja cha jirani kilikuwa kikitoa mchanga kila bahari ilipochafuka, na mchanga huo ndio uliokuwa ukipita mbele yako. Sasa umefungiwa nyuma ya zege. Juu ya hayo, wimbi likigonga ukuta uliosimama wima halifi, linarudi na kuchimba pale pale chini ya ukuta. Na ukuta unapoishia, mawimbi yanazunguka ncha na kuuma ardhi laini inayofuata, yaani yako.

Kabla ya kununua mfuko wa saruji, fanya mambo mawili. La kwanza ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo ukuta wako unahitaji kibali na tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ukuta uliojengwa usiku hauna wa kuutetea ukibomolewa mchana. La pili ni majirani. Kinga yenye maana huanza na kuishia mahali penye asili ngumu, kama rasi ya mwamba au mdomo wa kijito, si kwenye kigingi cha mpaka wa kiwanja. Kama nyumba yako haijasimama bado, isogeze nyuma. Hakuna kinga ya bei nafuu kuliko hiyo.

Hatusemi ukuta hauna mahali pake. Nyuma ya Barabara ya Barack Obama pale mjini kuna barabara na majengo ambayo hayahamishiki, na ukuta uliokamilika mwaka 2018 ulikuwa uamuzi wa busara. Kiwanja chenye bustani ni habari nyingine.

Ikibidi kabisa kukinga, tumia mlalo wa mawe badala ya ukuta wima, kwa sababu mawe yenye mianya hulimeza wimbi badala ya kulirudisha. Uzito wa mawe haukisiwi kwa macho. Siku ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakiwa yamejaa kabisa, simamisha mti wenye alama pale mguu wa kinga utakapokuwa na usome kina. Wimbi linaloweza kufika hapo bila kuvunjika halizidi takriban asilimia 78 ya kina hicho. Kina cha mita 1.3 kinakupa wimbi la mita 1. Kwa mlalo wa 1:2, yaani mita mbili kwenda mbele kwa kila mita moja ya kupanda, wimbi hilo linahitaji mawe magumu ya bara ya kilo 170 hivi kila moja, upana wa kama sentimita 40, yapangwe tabaka mbili. Ukitumia mawe ya matumbawe ya pwani, ambayo ni mepesi, jiwe lile lile linatakiwa lifike kilo 360 na ushei. Hapa ndipo kinga nyingi zinapofia: fundi anajaza mawe ya matumbawe ambayo watu wawili wanayabeba mkononi, na kusi moja inayasambaza ufukweni kote.

Tena hesabu hiyo inapanda haraka mno. Uzito unakwenda na kimo cha wimbi mara chenyewe mara chenyewe tena, kwa hiyo wimbi likiwa mara mbili, jiwe linatakiwa liwe mara nane. Kinga yako ikisababisha mchanga wa mbele kushuka nusu mita tu, kina kinafika mita 1.8, wimbi mita 1.4, na jiwe la kilo 170 halitoshi tena. Sasa inatakiwa kilo 450. Ndiyo maana mguu huchimbiwa angalau mita 1 chini ya kiwango cha chini kabisa cha mchanga katika mwaka, si kiwango cha siku mafundi walipofika.

Chini ya mawe makubwa weka tabaka la mawe ya kilo 15 hadi 20, na chini yake kitambaa cha kuchujia, kile kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Wengi wanakiruka kwa sababu hakionekani kazi ikiisha. Matokeo yake mchanga unanyonywa kupitia mianya, na dalili ya kwanza ni shimo dogo la duara kwenye nyasi nyuma ya kinga, hali mbele mawe yanaonekana mazima. Ncha za kinga zikunje ziingie ndani ya ardhi, la sivyo bahari itapita pembeni na kukupiga mgongoni.

Viroba vya mchanga ni vya dharura ya wiki kadhaa. Jua linavichakaza vikapasuka. Vizimba vya waya vilivyojazwa mawe huoza kwa chumvi, waya ukikatika mmoja mawe yanamwagika yote. Na zege lililochanganywa kwa mchanga wa ufukweni lina chumvi ndani yake: nondo inapata kutu, inavimba, inalipasua zege kutoka tumboni. Zege la kufunika nondo baharini lisipungue milimita 50.

Kwani hii yote si mabadiliko ya tabianchi? Bahari imepanda, basi. — Mwanafunzi, Tanga

Imepanda kweli. Tangu mwaka 1900 bahari za dunia zimepanda kwa sentimita 20 hivi kwa wastani, na sasa kasi ni karibu milimita 4 kwa mwaka. Kanuni ya kukadiria ambayo wahandisi huitumia kwa fukwe za mchanga mtupu inasema ufukwe hurudi nyuma mara 50 hadi 100 ya kiasi bahari ilichopanda. Milimita 4 basi ni sentimita 20 hadi 40 za ufukwe kwa mwaka. Si haba kwa miaka 50. Lakini kama kwenu zinaondoka mita 3 kila mwaka, kuna mtu au kitu kingine kinachokula, na kusingizia bahari ni kumpa mhusika nafasi ya kulala. Nyuma ya mwamba wa matumbawe kanuni hii haishiki vizuri, kwa sababu pale mwamba ndio unaoamua wimbi gani lipite.

Naendesha tipa Tegeta. Mchanga wa mtoni unaletwa na mvua. Ukichota leo, masika ijayo shimo limejaa. Mbona lawama za bahari mnatutwika sisi madereva? — Dereva

Ndugu yetu, umeona sawasawa, shimo linajaa. Ila jiulize mchanga uliolijaza ulikuwa safarini kwenda wapi. Vijito vya Tegeta na Mbezi havikubwa, lakini ndivyo vinavyolisha fukwe za Kunduchi na jirani zake kwa mchanga wa kahawia unaotoka bara. Shimo likiwa wazi mtoni, maji ya masika yanatua mchanga humo kwanza. Bahari inapata tope jepesi, ambalo halikai ufukweni.

Tufanye hesabu ya mfano. Tipa moja ina mita za ujazo 5. Safari 20 kwa siku ni mita za ujazo 100, na kwa siku 300 ni 30,000. Ufukwe wenye urefu wa kilomita 1, ambao mchanga wake unaochezewa na mawimbi una kimo cha mita 3 kutoka juu hadi chini, unahitaji kupoteza mita za ujazo 3,000 ili upungue upana wa mita 1. Mzigo wa mwaka mmoja wa kijito kimoja chenye shughuli ni sawa na mita 10 za ufukwe huo. Punguza kwa sababu si kila chembe ingefika baharini, sema theluthi tu. Bado ni mita 3 na zaidi.

Na bahari si mwathirika pekee. Kitanda cha mto kikichimbwa, maji yanapata mteremko mkali pale ukingo wa juu wa shimo, na shimo linapanda mto lenyewe hadi kwenye nguzo za daraja.

Lawama, hata hivyo, si ya dereva peke yake. Anayeagiza mchanga ndiye mwenye fedha. Vumbi la kokoto kutoka kwenye mitambo ya kusaga mawe linafaa kufyatulia matofali na kwa sehemu kubwa ya zege, na mashimo ya mchanga yaliyo bara, mbali na mikondo ya maji, hayakatishi safari ya mchanga wa ufukwe.

Kila mahali watu walia bahari yawala. Sisi Malindi mchanga wazidi, bahari yakimbia. Mbona? — Mkaazi, Malindi

Kwa sababu mnapokea mashamba ya Ukambani. Mto Sabaki, ambao juu huitwa Athi na katikati Galana, unashusha udongo mwingi mwekundu na kuumwaga kaskazini ya mji wenu. Wakati wa kusi mkondo unaupeleka kaskazini kuelekea Ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi maji mekundu yanageuka kusini na kuingia ghuba ya Malindi, mchanga unatua, upepo unaupandisha na kufanya matuta.

Si hali ya tangu na tangu. Matumbawe hukua kwa tabaka za kila mwaka, na tabaka za matumbawe makongwe ya Malindi, zikipimwa madini ya bariamu yanayokuja na udongo wa mto, zinaonyesha tope likiongezeka kuanzia mwanzo wa karne ya 20, wakati miteremko ya bara ilipoanza kufyekwa na kulimwa kwa wingi. Mchanga mnaoupata una gharama yake pia: hilo tope linatua juu ya matumbawe ya hifadhi yenu ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968.

Msijenge juu ya ardhi hiyo mpya mkadhani ni ya milele. Ujenzi wa bwawa la Thwake kwenye mto huo huo, kule Makueni, ulianza mwaka 2018, na bwawa lolote hutuliza maji na kushika mchanga. Tazameni mto Tana: mabwawa matano yalijengwa mfululizo kutoka Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, na Masinga la mwaka 1981 likiwa juu yake yote kushika mchanga wa milimani. Mto uliofungwa hivyo haufiki pwani na mzigo ule ule.

Wazee husema kisiwa cha Maziwi kilikuwa na miti. Mimi nakiona fungu la mchanga tu. Kweli? — Msomaji, Pangani

Kweli. Kilikuwa na mimea, mivinje ikiwemo, na kasa wakitaga kwa wingi. Mwaka 1975 kikatangazwa hifadhi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 maji kujaa yalikuwa yanakifunika. Sababu zilichanganyika, lakini inayotajwa mbele ni kukatwa kwa miti na kufyekwa kwa mimea. Kisiwa cha mchanga hakina mto wa kukilisha, kinaishi kwa mizizi inayoshika kile kilichopo. Leo fungu hutokeza maji yakipwa, kasa bado wanapanda, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame.

Assalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni Jambiani. Kila asubuhi vijana wanakokota majani ya bahari tunayatupa, wageni hawayapendi. Sasa minazi imeanza kutoa mizizi nje. Kuna uhusiano? — Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani

Waaleikum salaam. Upo, na unaweza kuuona kwa ndoo mbili. Jaza ndoo ya lita 20 kwa majani yaliyokokotwa, yaoshe ndani ya ndoo ya pili yenye maji safi, yatoe, kisha subiri maji yatulie. Mchanga ulioko chini ndio unaoutupa kila asubuhi, mara idadi ya ndoo, mara siku za mwaka. Na lundo la majani lililolala ufukweni hupokea kishindo cha wimbi la bamvua kabla halijafika kwenye minazi.

Kwenu kuna jambo la ziada. Dondoshea siki mchanga wako mkavu: utatoa vipovu. Huo ni mchanga wa chokaa, uliotengenezwa na bahari yenyewe kwa matumbawe yaliyosagika, makombe, mwani wenye chokaa na kinyesi cha samaki aitwaye pono anayeguguna mwamba. Hakuna mto wa kukuletea mwingine. Mwamba ukivunjwa, pono wakimalizwa na nyavu za kukokota, au nyasi za bahari ziking'olewa, kiwanda kinafungwa na ufukwe unaishi kwa akiba.

Fanya hivi. Okoteni takataka za plastiki kwa mkono. Majani yasogezwe kwa reki ya mbao, pale wageni wanapolala tu, yapelekwe juu kwenye mstari wa mimea, chini ya minazi iliyofunuliwa, si jaani. Trekta isiguse ufukwe. Mbele ya minazi simika uzio wa makuti wenye kimo cha mita 1, usiozibwa kabisa. Nusu iwe wazi, maana uzio uliozibwa hufanya upepo uchimbe chini yake. Panda ule mtambao wa pwani wenye maua ya zambarau kwa kukata vipande na kufukia vifundo wakati wa mvua. Wageni wapite njia moja ya mbao, si kila mmoja na njia yake. Mivinje usiitegemee: mizizi yake haiendi chini sana, wimbi likiichimba huanguka na bonge la mchanga, na chini ya kivuli chake mitambao haioti.

Kikundi chetu kilipanda mikoko ufukweni kuzuia bahari. Karibu yote imekufa. Tulikosea wapi? — Vijana wa mazingira, Kilwa

Mahali. Ufukwe wa mchanga uliofunguka mbele ya mawimbi si makazi ya mikoko, na hata mngepanda mara kumi mawimbi yangeing'oa mara kumi. Mikoko inakinga pwani pale palipo na tope na maji tulivu: ndani ya hori, mdomo wa mto, nyuma ya fungu. Mahali ambapo haikuwepo tangu asili, msiilazimishe.

Mkipata mahali pake, angalieni kila aina inasimama wapi. Upande wa bahari kabisa ni mlilana. Mkoko wenye mizizi ya magongo hukaa nyuma yake, kwenye tope linalofunikwa kila siku. Mkandaa na mchu huonekana zaidi juu, ingawa mchu hustahimili pande zote mbili. Wengi hupanda mkoko wa magongo kila mahali kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Mbegu iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni. Ya kijani imechumwa mapema. Iacheni kivulini siku kadhaa ili kaa wasiipende, ichomekeni theluthi moja tu ndani ya tope, mita 1 kwa mita 1. Na kabla ya yote, kagueni kama maji yanaingia na kutoka. Mfereji ulioziba kwa barabara au tuta la chumvi ukifunguliwa, mara nyingi miche inaota yenyewe bila kupandwa. Wenzenu wa Gazi, Kwale, wanaotunza mikoko na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu tangu mwaka 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanajali kwanza msitu uliopo usikatwe.

Nitajuaje kama ufukwe wetu unaliwa kweli au ni msimu tu? — Mwalimu, Bagamoyo

Swali zuri kuliko yote, na wanafunzi wako wanaweza kulijibu. Ufukwe mwingi wetu hupungua kwa kusi na kujaa kwa kaskazi, au kinyume chake kutegemea unatazama wapi. Anayepima Julai peke yake ataona maafa; wa Februari ataona neema. Pima misimu yote miwili, mwaka mzima usipungue.

Chagua alama isiyohama, kama kona ya jengo la zege au nguzo ya umeme, na nyoosha mstari kuelekea baharini kwa dira. Mara moja kwa mwezi, siku mbili baada ya bamvua, maji yakipwa, pima kwa futi kamba kutoka alama hadi mstari wa mimea, kisha hadi alama ya majani iliyoachwa na maji kujaa. Kwa mteremko tafuta miti miwili yenye urefu wa mita 1.5, iliyochorwa kila sentimita 2, ikiunganishwa kwa kamba ya mita 2. Mmoja asimame juu, mwingine mbele yake upande wa bahari, kamba ikiwa imenyooka. Wa juu apeleke jicho mpaka ncha ya mti wa mbele ikae sawa na upeo wa bahari, kisha asome jicho lake liko wapi kwenye mti wake mwenyewe, akihesabu kutoka juu. Hicho ndicho kimo ambacho ufukwe umeshuka kwa hatua hiyo. Wasogee, warudie, mpaka majini. Mahali ambapo ufukwe unapanda badala ya kushuka, wa nyuma aweke jicho kwenye ncha ya mti wake mwenyewe na asome mahali upeo wa bahari unapokata mti wa mbele, akihesabu kutoka juu.

Kosa la kawaida ni mti kuzama kwenye mchanga laini. Gongomeeni kibao cha mraba chini ya kila mti. Andikeni tarehe, saa ya maji kupwa, upepo unatoka wapi, na kama kuna chochote kilichojengwa au kuchimbwa mwezi ule, hata kama ni kilomita kadhaa upande wa kusini. Pigeni picha moja kutoka kwenye alama, ikitazama upande ule ule kila mara. Nakala ya daftari mpeni ofisa mazingira wa wilaya, daftari lenyewe libaki shuleni.